AFYA YA UMMA NA UHURU WA MTU: NANI HUAMUA HATARI YA NANI?

UTANGULIZI

Kila ugonjwa wa kuambukiza unapoingia nchini, swali moja hurudi katika mikutano ya matawi, katika halmashauri za vijiji na katika madarasa ya vyuo vyetu. Swali lenyewe ni hili: je, umma una haki ya kumlazimisha mtu achimbe choo, achanjwe, afunge genge lake la chakula au asitoke nyumbani kwake, ikiwa yeye mwenyewe anasema yuko tayari kuibeba hatari ya kuugua?

Majibu mawili husikika. Jibu la kwanza ni la mtu anayesema: "Mwili ni wangu, nyumba ni yangu, na nikifa nimekufa mimi." Jibu la pili ni la mtumishi wa ofisi anayesema: "Mtaalamu amekwisha kuamua, kazi ya mwananchi ni kutii." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni ya makosa. Jibu la kwanza lilizaliwa katika ubepari wa Ulaya, na la pili tulirithishwa na ukoloni. Kada asiyeijua asili ya mawazo hayo hujikuta akiyarudia asubuhi moja hili na jioni lile, bila ya kufahamu kwamba anasema maneno ya watu wengine.

Hatutajadili jambo hili hewani. Tutatazama mambo yaliyotokea London katika karne ya 19, pwani ya Ziwa Victoria na mjini Dar es Salaam wakati wa ukoloni, vijijini kwetu baada ya Azimio la Arusha, katika mji wa Merca nchini Somalia, na katika miaka ya karibuni ya UVIKO-19. Baada ya hapo tutaweza kusema ni kanuni gani inayomfaa mtu anayefanya kazi miongoni mwa wakulima na wafanyakazi.

UHURU WA BWANYENYE NA MAJI YA LONDON

Uingereza ya miaka ya 1840 ilikuwa karakana ya dunia, na miji yake ilikuwa makaburi ya wafanyakazi. Edwin Chadwick alitoa taarifa yake juu ya hali ya usafi ya wafanyakazi mwaka 1842, na Friedrich Engels alichapisha kitabu chake juu ya hali ya tabaka hilo mwaka 1845. Watu hawa wawili walikuwa na itikadi zinazopingana, lakini waliona jambo moja: watu wa mitaa ya makabwela walikufa mapema kuliko watu wa mitaa ya matajiri, na uchafu uliowaua haukuwa wa kujitakia. Mfanyakazi hakuchagua kuishi kwenye chumba kimoja na watu kumi. Mshahara wake na kodi ya mwenye nyumba ndivyo vilivyomchagulia.

Sheria ya Afya ya Umma ilipitishwa mwaka 1848, ikaundwa Bodi Kuu ya Afya. Mara wakazuka wapinzani, wakiwemo wenye nyumba za kupangisha, makampuni ya maji, na mabaraza ya mitaa yaliyoogopa kupandishwa kwa kodi. Wote hao walipigana kwa jina la uhuru. Mwaka 1854 Chadwick aliondolewa katika kazi yake, na gazeti la The Times likafurahi likisema kwamba ni afadhali mtu abahatishe na kipindupindu kuliko kusukumwa kwa nguvu ili awe na afya.

Lakini nani hasa alikuwa akibahatisha? Mwaka huohuo wa 1854 kipindupindu kiliingia London, na daktari John Snow akafanya uchunguzi ambao kila kada anapaswa kuufahamu. Katika mitaa ya kusini mwa mto Thames makampuni mawili yalikuwa yakiuza maji, na mabomba yao yalipita katika mitaa ileile. Kampuni ya Lambeth mwaka 1852 ilikuwa imekwisha kuhamisha mahali pake pa kuchotea maji, ikapanda juu ya mto mbali na uchafu wa jiji. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota Battersea, mahali ambapo mavi ya jiji zima yalimwagikia. Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba. Katika nyumba zilizopata maji ya Southwark and Vauxhall, walikufa watu 315 kwa kila nyumba 10,000. Katika nyumba za Lambeth, walikufa 37.

Majirani hao walikuwa wa mtaa mmoja, wa kazi moja na wa kipato kimoja. Wengi hawakujua hata jina la kampuni iliyowaletea maji. Huyu aliishi na yule akafa kwa sababu ya uamuzi uliofanywa na wenye hisa, ambao wala hawakuishi katika mtaa ule. Kwa hiyo ule uhuru wa kubahatisha uliosifiwa gazetini ulikuwa ni uhuru wa mwenye kampuni kubahatisha uhai wa mteja wake. Hili ndilo fundisho la kwanza: anapotokea mtu kudai uhuru wa kuibeba hatari, tuulize kwanza ni nani anayeibeba na ni nani anayepata faida.

Mwaka 1859 mwanafalsafa John Stuart Mill alitoa kitabu chake juu ya uhuru. Kanuni yake ni maarufu: jamii haina haki ya kumlazimisha mtu isipokuwa kwa kuzuia madhara yasiwapate wengine, manufaa ya mtu mwenyewe si sababu ya kutosha. Kanuni hii ina ukweli ndani yake, nasi hatuikatai yote. Lakini wanaoisifu husahau kwamba katika kitabu hichohicho Mill aliyatoa nje ya kanuni mataifa aliyoyaita ya nyuma, akasema kwamba hayo yanaweza kutawaliwa kwa mabavu ilimradi ni kwa faida yao. Naye alijua alichokisema, kwani aliitumikia Kampuni ya India ya Mashariki kutoka 1823 mpaka 1858. Uhuru huo, basi, ulikuwa na mpaka, na sisi tuliwekwa upande wa pili wa mpaka.

Hata ndani ya Uingereza kwenyewe makabwela hawakuupata sawasawa na wengine. Sheria ya mwaka 1853 ililazimisha watoto wote wachanga wachanjwe ndui, na sheria ya 1867 ikakaza adhabu. Chanjo yenyewe ilikuwa jambo jema, na ilizuia ugonjwa ulioua na kupofusha. Lakini utekelezaji wake ulikabidhiwa kwa wale wasimamizi wa sheria ya maskini, watu walewale walioendesha nyumba za kufanyishia mafukara kazi. Tajiri aliyekataa chanjo alilipa faini akaenda zake. Fundi viatu aliyekataa aliuziwa vyombo vyake vya nyumbani au alifungwa. Mwaka 1885 maelfu ya watu waliandamana mjini Leicester kuipinga sheria hiyo, na mwaka 1898 Bunge likakubali kuwaachia wazazi wenye pingamizi la dhamiri. Watu walikuwa wamekwisha kuichukia sindano kwa sababu ya mkono ulioishika.

AFYA KAMA SILAHA YA MTAWALA

Tuje kwetu. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo waligundua ugonjwa wa malale nchini Uganda. Katika muda wa miaka ishirini hivi ugonjwa huo uliua watu wapatao 250,000 katika nchi hiyo, hasa katika Busoga, pwani ya Ziwa Victoria na visiwani. Hapa hatuzungumzii ugonjwa wa kubuniwa. Hatari ilikuwa ya kweli, na serikali yoyote ingelazimika kufanya jambo.

Jambo lililofanywa ni hili. Kuanzia 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe kwenye ukanda wa pwani wenye mbung'o, na kufikia mwisho wa 1909 hata visiwa vya Sese vilikuwa vimeachwa. Uvuvi ukapigwa marufuku. Watu walioishi kwa samaki na mitumbwi wakawekwa bara, mbali na ziwa lao. Tuseme kweli: vifo vilipungua. Lakini mashamba yakageuka pori, na watu wa Sese walikaa miaka mingi ugenini kabla ya kuruhusiwa kurudi. Hakuna mvuvi aliyeulizwa kama pangekuwa na njia nyingine, kwa mfano kufyeka vichaka kwenye bandari za mitumbwi na kuvua kwa zamu.

Wakati huohuo, mwaka 1906, mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch alifika Tanga, akapitia Amani na Mwanza, kisha akaweka kambi yake huko Sese. Alijaribu kwa wagonjwa dawa iliyoitwa Atoxyl, yenye arseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja. Aliporudi Ulaya mwaka 1907 alishauri wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu, na Wajerumani wakajenga kambi hizo upande wetu wa Ziwa Victoria na kando ya Ziwa Tanganyika. Wagonjwa wengi walizitoroka. Ripoti za wakati ule ziliwaita wajinga. Lakini mtu anayemwona mwenzake ameingia kambini akiona na kutoka akiwa kipofu hahitaji kufundishwa maana ya hatari. Ameipima kwa macho yake.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendelea na njia hiyohiyo. Malale yaligunduliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya watu wa Jimbo la Magharibi, kama vile Tabora, Kigoma, Kibondo na Kahama, walihamishwa kutoka katika makazi yao ya kutawanyika, wakakusanywa katika makazi maalumu. Jumbe aliandika majina, tarishi alisimamia, na nyumba ya zamani ilichomwa ili mwenyewe asirudi.

Hapa yafaa tuulize swali ambalo mtawala hakuliuliza: mbung'o walitoka wapi? Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba kabla ya ukoloni wakulima na wafugaji wa nchi hii walikuwa wakiyatawala mazingira yao kwa kulima, kuchoma majani kwa wakati wake na kulisha mifugo. Mbung'o walibanwa porini. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu wote. Vikafuata vita vya kuiteka nchi, kisha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa imalize kazi ya bunduki. Mahali palipokuwa na watu pakawa pori, na pori likaleta nyama, na nyama wakaleta mbung'o. Kwa hiyo mfumo ulioivunja kinga ya zamani ndio uliokuja baadaye kama daktari, ukimlaumu mgonjwa kwa kuishi vibaya.

Mjini hadithi ni ileile. Nairobi tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilitiwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alishauri miji ya Afrika ya Mashariki igawanywe kwa rangi, kwa sababu za afya. Dar es Salaam iligawanywa katika maeneo matatu: la kwanza la majumba ya Kizungu, la pili la biashara walikokaa zaidi Wahindi, na la tatu la vibanda vya Waafrika. Sheria haikutaja rangi waziwazi. Ilitaja aina ya nyumba tu, na umaskini ukafanya kazi iliyobaki. Kati ya eneo la pili na la tatu uliachwa uwanja mtupu, ili magonjwa ya Waafrika yasivuke. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja.

Basi tutazame kile kilichoitwa ugonjwa wa Waafrika. Upande wa pili wa uwanja kuna Kariakoo, jina linalotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na lishe mbovu. Serikali iliyowapeleka watu wetu kufa kwa kuhara njiani haikuona kwamba kuhara ni hatari kwao. Iliiona hatari pale ilipodhani kwamba mwenye kuhara atamsogelea Mzungu. Afya iliyolindwa ilikuwa ya tabaka na rangi moja, na mipaka ya mji ilichorwa kuizunguka. Ni haki ya historia kwamba uwanja huo wa kutenganisha ndio uliokuja kujaa umma katika mikutano ya TANU.

Urithi wa kipindi hiki haukuondoka na bendera. Mpaka leo katika vijiji vingi neno "Bwana Afya" linaamsha picha ya mtu mwenye daftari na faini, kabla ya kuamsha picha ya mtu mwenye dawa. Hili ni deni ambalo kada wa afya hulirithi siku ya kwanza ya kazi, ingawa si yeye aliyelikopa.

MWONGOZO NA KAMPENI YA "MTU NI AFYA"

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Wengi hukumbuka maneno yake dhidi ya viongozi wenye kiburi. Wachache hukumbuka kwamba Mwongozo huo ulizungumzia moja kwa moja swali letu la leo. Ulieleza kwamba kwa watu waliokandamizwa, maendeleo maana yake ni ukombozi. Ukaendelea kusema kwamba tendo linalowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao ni tendo la maendeleo, hata kama halikuwaongezea afya au chakula. Na tendo linalowapunguzia uwezo huo si la maendeleo, hata kama limewaongezea afya kidogo na mkate kidogo.

Tusome tena kwa makini. Chama hakikusema kwamba afya ni jambo dogo. Mwaka huohuo wa 1971 Chama kiliamua kwamba katika miaka ishirini kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumba yake. Nchi iliyokuwa na vituo vya afya vijijini 22 tu mwaka 1961 ilikuwa na zaidi ya 200 kufikia mwaka 1980. Chama kilisema tu kwamba afya inayotolewa kwa kumnyang'anya mtu usemi wake imeleta pamoja nayo ugonjwa mwingine, nao ni utumwa.

Mfano ulio bora wa kuitekeleza fikra hiyo ni kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Wizara ya Afya, Radio Tanzania na Chama vilishirikiana. Zilikuwa zimetangulia kampeni nyingine za redio, kama "Wakati wa Furaha" ya mwaka 1971 wakati wa kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Safari hii vikundi vya kujifunza viliundwa nchini kote, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, redio na vitabu vya kampeni. Kwa muda wa wiki kumi na mbili watu walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, kisha wakajadiliana: malaria inatokana na nini hapa kwetu, kichocho kinatoka bwawa lipi, nani hana choo na kwa nini. Mwisho wa majadiliano kikundi kiliamua la kufanya, kikalifanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Nini kilichokuwa kipya? Choo chenyewe hakikuwa kipya. Wajerumani waliamuru vyoo, na Waingereza waliamuru vyoo. Jipya lilikuwa mahali pa uamuzi. Mkulima aliyekaa katika kikundi aliijua safari ya mnyoo kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye unyayo wa mtoto wa jirani. Akishaijua safari hiyo, hawezi tena kusema kwamba kukosa choo ni jambo lake mwenyewe. Pia hakuna haja ya tarishi kumwambia. Majirani wamekaa pamoja wakakubaliana kwamba hatari ya mmoja ni hatari ya wote, na wanaolindana ni walewale waliokubaliana. Sharti linalotokana na mapatano ya namna hiyo lina sura tofauti na amri ya ofisini, ingawa jembe linalochimba shimo ni lilelile.

PALE AMRI ILIPOTANGULIA

Hata hivyo tutakuwa tunajidanganya tukidai kwamba tuliishika njia hiyo siku zote. Mwezi Novemba 1973, miezi michache tu baada ya kampeni ile, kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa ni amri. Kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walikuwa vijijini. Nia ilikuwa njema: ni vigumu kumpelekea zahanati, shule na bomba mtu anayeishi peke yake porini. Wengi walipata huduma ambazo babu zao hawakuziota. Lakini katika sehemu kadhaa watendaji waliwahamisha watu kwa nguvu, wengine wakabomolewa nyumba, na wengine wakapelekwa mahali pasipo na maji wala ardhi ya kutosha. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, hakuyaficha makosa ya namna hiyo.

Mzee wa Kibondo aliyehamishwa na Mwingereza kwa sababu ya malale, kisha akahamishwa tena katika Operesheni Vijiji, angeweza kuuliza: tofauti iko wapi? Kada anapaswa kuwa na jibu la kweli. Tofauti ya nia ilikuwapo, na tofauti ya umiliki wa nchi ilikuwapo. Lakini pale mtendaji alipotumia moto na lori bila ya mkutano wa kijiji, mzee huyo hakuweza kuiona tofauti hiyo, na hakuwa na kosa kutoiona.

Katika usafi pia amri ilitangulia mara nyingi. Kijiji kinatangaziwa faini kwa kila kaya isiyo na choo. Baada ya wiki mbili vyoo vinasimama kila mahali, taarifa inaandikwa wilayani, asilimia inapanda. Ukikitazama choo chenyewe unakuta njia yake imeota majani na ndani mna kuni. Ni choo cha kumwonyesha Bwana Afya. Watu wamejikinga na faini, hawajajikinga na kuhara. Takwimu imepata afya, mtoto hakupata.

Kipindupindu kimekuwa kikiripotiwa nchini kwetu tangu miaka ya 1970, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulileta wagonjwa zaidi ya 20,000. Kila kinapozuka, hatua ya haraka huwa ni kuwafungia mama lishe na wauza matunda. Mara nyingi hatua hiyo ni ya lazima kwa siku kadhaa. Lakini mama lishe hakuyachafua maji anayouziwa kwa ndoo. Lengo la mwaka 1971 la maji kwa wote, lililopangwa kutimia mwaka 1991, halikutimia. Tukimfunga mama lishe bila ya kumfikishia maji, tumemtwisha mtu mmoja gharama ya deni la umma mzima. Na mtu aliyekosa chakula cha watoto wake kwa ajili ya usalama wa wote ana haki ya kuuliza wote watamlipa nini.

MPISHI WA MERCA

Kuna kisa cha ndui ambacho kinafaa kufundishwa katika kila darasa la siasa. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa hapohapo mlangoni. Hakuwa amechanjwa sawasawa kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliogopa maumivu. Siku moja alipanda gari lililobeba watoto wagonjwa, akalionyesha njia. Safari hiyo fupi ilimtosha.

Alipougua, viongozi wa afya walifuatilia watu aliokutana nao, wakaweka walinzi, wakakagua waliotoka na kuingia mjini, na katika wiki mbili wakachanja watu zaidi ya 50,000. Hizo zilikuwa hatua kali, na zilibana uhuru wa watu. Lakini zilikuwa na mwisho uliojulikana, zililenga mahali palipokuwa na ugonjwa, na zilimhusu kila mtu bila ya kujali cheo. Maalin alipona, hakuambukiza mtu, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Kilichofuata ni cha maana zaidi. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Mzazi alipokataa chanjo, hakumtishia. Alimweleza habari zake: mimi niliogopa sindano, nikawa mtu wa mwisho. Alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyohiyo ya chanjo. Woga wake wa mwaka 1977 ulikuwa woga wa kawaida wa binadamu. Akautumia kuwaelewa wenzake wenye woga, na wengi wakamsikiliza kwa sababu alikuwa mmoja wao.

FUNZO LA UVIKO-19

Mwezi Machi 2020 UVIKO-19 uliingia Afrika ya Mashariki. Kila nchi ilichukua njia yake. Uganda ilifunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na katika kuitekeleza baadhi ya wananchi waliuawa na polisi waliotumwa kuwalinda na ugonjwa. Tanzania haikufunga masoko wala nyumba za ibada. Hoja iliyotolewa ni kwamba kabwela anayekula alichokipata leo hawezi kufungiwa ndani. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana amri ya kukaa nyumbani huwa nyepesi kwa mwenye mshahara na friji, na nzito kwa kuli wa sokoni.

Lakini kuna upande wa pili. Kuanzia Mei 2020 mpaka katikati ya 2021 takwimu za ugonjwa hazikutolewa kwa wananchi. Tukumbuke majirani wale wa London ambao hawakujua maji yao yametoka bomba gani. Mtu asiye na habari hachagui hatari. Anabahatisha tu, na uhuru aliobakiwa nao ni uhuru wa kipofu njia panda. Mwaka 2021 takwimu zilianza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, na chanjo ikawa ya hiari. Mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache. Idadi ilipanda pale wahudumu walipozifuata nyumba, masoko na minada, wakajibu maswali ya watu uso kwa uso. Ilikuwa ni kurudi, kwa sehemu, katika njia ya 1973.

HITIMISHO: WAJIBU WA KADA

Tumeona kwamba hatari za afya ni chache zilizo za mtu mmoja peke yake. Maji, hewa, chakula na mbu havijui mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo umma una haki ya kujiwekea masharti, na asemaye kwamba masharti yote ya afya ni uonevu anarudia wimbo wa makampuni ya maji ya London. Tumeona pia kwamba haki hiyo ni ya umma, wala si ya ofisi. Ikichukuliwa na ofisi peke yake huzaa kambi, viwanja vya kutenganisha watu, na vyoo vya maonyesho.

Kwa hiyo kabla ya tawi au halmashauri ya kijiji kupitisha sheria ndogo ya afya, kada na aulize mambo manne mbele ya mkutano, na asiridhike mpaka yamejibiwa kwa sauti. Kwanza, hatari hii ni ya nani: ya mtu mwenyewe, au ya jirani yake na watoto ambao hawakuchagua? Pili, je, wanaotakiwa kutii wamepewa habari zote, pamoja na zile zinazoitia aibu ofisi? Tatu, gharama ya sharti hili inamwangukia nani, na wengine watamsaidia vipi kuibeba? Nne, sharti litakwisha lini, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kulifuta likionekana halifai?

Kazi hii ni ngumu kuliko kutangaza faini. Inataka mikutano mirefu, inataka subira kwa mtu anayeogopa sindano, na inataka kada mwenyewe awe na choo safi kabla ya kuuliza cha mwenzake. Kipindupindu hakitangoja mkutano umalizike, na kuna siku itabidi hatua ichukuliwe asubuhi na maelezo yafuate jioni. Lakini maelezo lazima yafuate jioni hiyohiyo. Kijiji kilichozoea kuelezwa ukweli wakati wa neema kitafuata amri ya ghafla wakati wa shida, kwa kuwa kinamjua anayeitoa. Imani ya namna hiyo haipatikani siku ya mlipuko. Hujengwa miaka ya kawaida, wakati hakuna anayeugua, katika mkutano wa kisima na katika darasa la watu wazima chini ya mwembe.